Ncha ya Kiatu

Fundi Chengo wa Bondeni alijua kabla ya daktari.
Alikigeuza kiatu, akakipuliza vumbi:
"Bi Tima, cha kushoto chaliwa ncha. Kisigino kizima.
Wamburura nani?"

Nikacheka. Wiki ile nilikuwa nimeanguka mara tatu;
ya mwisho mbele ya duka la halwa, Kibokoni,
pasipo jiwe wala ganda la ndizi.
Kijana akanong'ona: "Mama kalewa, na buibui lake!"

Kisha picha ya ubongo, madoa meupe
kama matone ya chokaa sakafuni.
Neva zimebambuka maganda, akasema daktari,
ujumbe wapotea njiani.

Basi natuma tena.
Inuka, nauambia mguu. Inuka, bwana.
Ukuta wa ukumbini umeshika weusi wa kiganja changu.
Alfajiri, nikifumba macho kunawa uso,
dunia yaniponyoka; nalidaka bomba.

Aliyejikwaa hugeuka kulitazama jiwe.
Mimi nageuka: sakafu tupu, safi,
niliyoipiga deki mwenyewe.

Jana Chengo kanitilia kipande cha tairi nchani.
Pesa hakutaka.
"Kikilika hiki, uje," akasema.
"Tairi lipo."