Moja, Tatu, Nne, Mbili

Mchana natengeneza meno ya watu.
Ghorofa ya tatu, Mtaa wa Tom Mboya,
nachonga gego la mtu nisiyemjua
hadi ulimi wake usiligundue.
Jioni narudi Buruburu, Fezi ya Tatu,
nafunua turubai:
Datsun 1200, kupe, milango miwili,
miaka kumi na tisa juu ya mawe.

Bwana Okumbe wa nyumba ya kona aliniuzia
kwa bei ya friji.
Pesa hakuhesabu. Alihesabu spana,
moja moja, akiniwekea mkononi;
ya kumi na mbili akairudisha mfukoni.

Nilianza na msasa.
Chini ya nyeupe, hudhurungi.
Chini ya hudhurungi, manjano ya kiini cha yai,
ndiyo iliyotoka nayo kwao.
Na chini ya mlango wa kushoto, puti:
nilipogonga, ikalia kama kibuyu.
Fundi fulani, Mungu amsamehe,
alijaza tundu kwa gazeti, akapaka, akalipwa.
Nikalitoa kwa kikwangulio changu cha meno,
kipande kwa kipande:
anahitajika karani, ajue kupiga taipu
bao la dakika ya themanini
nusu ya uso wa bwana harusi.
Nayajua haya. Jino halianzi kuoza kwa mbele.
Linakuchekea miaka, kumbe ndani ni unga.

Musembi akaja na mashine ya kuchomelea toka Kariobangi.
Stima ikapotea mara tatu.
Mara ya tatu akakalia ndoo, akamaliza mahindi yangu,
akisema, "Sista, bati hili,
ukilikoholea tu linatoboka."
Lakini mshono wake, ukiupapasa, huuoni.

Mimi nikabaki na kabureta.
Jeti zake zina vitundu
vyembamba kuliko mfereji wa mzizi wa jino.
Nikapitisha sindano ya kazini.
Meneja nilimwambia imepotea.

Mpwa wangu Lihanda: "Shangazi,
kwa pesa hizi ungepata Vitz ya kuwasha kwa kitufe."
Nikampa msasa namba mia nne.
Akanuna, akasugua.
Magharibi ilipoingia alikuwa anapitisha kiganja kwenye bodi,
macho ameyafumba.

Kila Jumamosi Bwana Okumbe huja kumjulia mgonjwa hali.
Haingii. Hushika vyuma vya geti,
huangalia matairi,
huenda zake.

Usiku wa Alhamisi, betri ya kuazima.
Ufunguo. Ikakohoa, ikatema moto,
nywele zangu za mbele zikanuka
kama kuku anayebabuliwa.
Nikakaa chini kwenye saruji, tochi mdomoni.
Kumbe nyaya nilizipanga kama mtoto wa chekechea,
moja, mbili, tatu, nne.
Injini haihesabu hivyo.
Moja, tatu,
nne, mbili,
kama mtu anayevuka madimbwi ya Jogoo Road
baada ya mvua: mbele, ruka, mbele,
rudi ulikoacha kavu.

Nikabadilisha. Nikageuza.
Moja tatu nne mbili moja tatu nne mbili
mojatatunnembili
sekunde kumi na moja, nilihesabu,
kisha kimya,
kisha mbwa wote wa Fezi ya Tatu.

Taa ikawaka nyumba ya kona.
Akaja na shuka begani, ndara mguu mmoja.
Nilidhani atalia. Nilikuwa tayari kulia naye.
Akafungua geti mwenyewe,
akainama juu ya injini kama anayenusa mchuzi.
"Tapeti," akasema. "Silinda ya tatu. Zinagonga."
Akapekua mfuko wa pajama,
akanipa spana ya kumi na mbili,
ina joto la mwili.
"Na hii," akasema, "uirudishe."