Chupa ya Matango

Saa nne asubuhi, Łódź, theluji ikigeuka tope,
simu iliita, sauti ikalia: "Bibi, ni mimi."
Wiesława hakuuliza mimi nani.
Nani mwingine humwita bibi?
"Nimemgonga mtu. Ana mimba. Usimwambie mama."

Akiba ya mazishi yake ilikaa stoo,
ndani ya chupa pana ya matango ya siki.
Aliiosha mara tatu, na bado noti
zilinuka kitunguu saumu.
Akazihesabu kwa kidole kilekile cha kupimia pindo
(miaka thelathini na mmoja kiwandani,
akishona mikono ya makoti),
akamkabidhi kijana wa mlangoni, mwenye glavu safi,
akamfunga na skafu, maana baridi ilikuwa kali.

Saa nane simu ikaita tena.
"Bibi, Ksawery hapa. Unga wa pierogi,
unaukanda kwa maji ya moto au ya baridi?"
"Ya moto," alijibu.
Alijibu vizuri tu.
Kisha kifua kikaelemewa, kama mtu
amekaa juu yake na hana haraka.

Hospitalini walitafuta damu iliyoganda, wakaikosa.
Mishipa safi, mishipa ya msichana.
Daktari Gronowska akachora nyuma ya fomu
moyo uliotuna chini, shingo nyembamba juu.
"Wajapani wana chungu cha hivi, cha kutegea pweza.
Pweza huingia mwenyewe, akidhani ni nyumba.
Huwapata zaidi wanawake wa umri wako.
Hofu, msiba, fedheha:
mwili humwaga dawa yake, ikazidi,
msuli wa moyo ukazubaa."

Wiesława pweza amemwona dukani tu, juu ya barafu.
Aliigeuza karatasi huku na huku.
"Hii ni chupa yangu," akasema,
na nesi akadhani amechanganyikiwa.

Baada ya wiki sita picha ya pili
ilionyesha moyo ukijikamua
kama ngumi ya mtu anayefua.
Wakampongeza.
Hakuna aliyepiga picha ya ile skafu,
ya sufu, ya kijani, aliyomfumia marehemu mumewe.

"Mama, ungeuliza jina tu," alisema binti yake,
mara moja, kwa upole. Afadhali angefoka.

Siku hizi simu huiacha iite mara nne,
kiganja chini ya titi la kushoto.
"Bibi, ni mimi."
"Mimi nani? Mbwa wetu wa kwanza aliitwaje?"
Ksawery anacheka.
Yeye hacheki. Anangoja.