Kwa Aliyenunua Pikapu Yangu

Tulinagwe, kadi nimekusainia, ufunguo unao.
Haya mengine hayakuandikwa kwenye kadi.

Oili ni lita saba na nusu.
Fundi wa Uyole atakwambia saba,
ile nusu aibakize chupani
na chupa aisukume kwa mguu chini ya benchi.
Simama hapo hapo. Vuta kijiti, futa, chovya, vuta tena,
usome pikapu ikiwa tambarare,
si kule kwako Isyonje
ambako hata chai huinama kikombeni.

Badilisha kila kilomita elfu tano.
Mita ilikufa zamani, imekwama laki tatu na arobaini na moja,
kwa hiyo mimi huhesabu viazi:
safari themanini, shambani hadi Mwanjelwa na kurudi.
Kila safari mstari mmoja wa chaki, ndani ya mlango wa dereva.
Yangu utaikuta hamsini na mitatu.
Endelea hapo hapo.

Asubuhi za Juni,
umande ukishaganda kwenye boneti ukawa chumvi,
usiwashe kwa pupa.
Ufunguo nusu. Ngoja taa ya hita izime.
Rudia. Rudia tena.
Ikigoma, pasha gunia motoni uikande pampu
kama unavyokanda kifua cha mtoto mwenye kikohozi.
Usiivute na trekta la Sanga.
Itawaka, ila itakukasirikia wiki nzima.

Tairi za nyuma, upepo sitini ukiwa na mzigo,
arobaini ukirudi mtupu.
Watu hawapunguzi,
ndiyo maana wanadunda kama maharage kwenye ungo.

Springi: majani saba kila upande.
La tano la kushoto limeshikwa na waya.
Waliniambia gunia kumi na nane. Nilipofika zilikuwa ishirini na mbili,
lumbesa zote, zimevimba vichwa,
nami nikasema pakia.
Hapo usiilaumu pikapu.

Kitonga usishuke kwa breki.
Shuka kwa gia ya pili, taratibu, malori yakutukane.

Gia ya tatu huruka.
Sekela aliizuia kwa goti lake la kulia
miaka kumi na mmoja,
akimenya karanga, maganda yakienda chini ya kiti
(bado yamo, sikuyafagia).
Tangu mwaka juzi naizuia kwa kamba ya katani.
Inashika vizuri tu.
Kamba haimenyi karanga.

Na honi: hujipigia yenyewe ukikata kona ya kushoto.
Mafundi watatu wamekula hela yangu kwa honi hiyo.
Pale njia panda ya Igawilo kuna mama muuza ndizi
anadhani namsalimia, na miaka yote amenipungia mkono.
Usimwambie.

Sikuiuza kwa sababu ya hayo.
Daktari pale Rufaa alininyooshea vidole,
nikasema vitatu.
Akaandika kitu, akanyoosha tena, nikanyamaza.
Usiku taa za magari yanayokuja
zilikuwa zimeanza kuchanua, kila moja ua la pareto,
shamba zima jeupe katikati ya lami,
nami nikalitafuta la kukwepa.

Jana alfajiri ulipita hapa nje.
Sikukuona. Nilisikia valvu,
ya pili kutoka mbele, inagonga kijembamba,
kijiko kwenye ukingo wa sufuria.
Imelegea unene wa ukucha wa kuku, haijafika pabaya.
Lete spana namba kumi na nne na bisibisi pana,
injini iwe baridi.
Vidole vyangu havijaulizwa na daktari yeyote.

Geti halina kengele, na mbwa wa jirani ni mkali.
Usishuke.
Ukifika kwenye mkaratusi
kata kona ya kushoto.