Aliye Juu Mngoje Chini

Kwenye lango la msitu kuna kibao
chenye rangi nne, kama vidonge vya hospitali:
kijani, buluu, nyekundu, nyeusi.
Kijani ni ya watoto na waoga, nasema.
Ya wanaoanza, anasema Isobel Tyson,
akinifunga kofia ngumu kidevuni
kwa vidole vyenye grisi.

Isobel ana magurudumu matatu.
Miguu yake ilinyamaza kwenye jiwe fulani,
mwezi wa Machi, miaka tisa iliyopita,
na sasa anapiga pedeli kwa mikono.
Mikono ile! Utadhani imetwanga tangu utotoni.
Njia hii aliipima kwa mwili wake.
Hapa pananibana, aliwaambia wenye majembe,
pale pananipindua, chongeni.
Wakachonga. Daraja la mbao likaongezwa shibiri mbili,
ndiyo maana leo napita
mimi na makalio yangu.

Nina miaka hamsini na mitatu.
Nafua mashuka ya hoteli, Ambleside,
mashuka ya watu waliokuja kutazama milima,
na milima yenyewe, miaka kumi na mmoja,
nimeiona kupitia dirisha la chumba cha kukaushia,
ikitoka jasho kama mimi.

Leo jasho nalitolea ndani yake.

Gia ndogo! Isobel anaita. Gia ndogo kabla ya kilima,
si katikati ya kilima!
Mnyororo unasaga meno.
Matope ya huku hayana adabu,
yanaingia kinywani bila hodi.
Makangaga yamekauka, rangi ya kutu,
na kondoo wa kijivu amejilaza njiani
akinitafuna kwa macho.
Simpigii kengele. Yeye ndiye mwenyeji.

Kisha mteremko. Mama yangu, mteremko!
Breki zote mbili, taratibu, usikabe,
tazama unakotaka kwenda,
usilitazame jiwe.

Nalitazama jiwe.
Jiwe nalo, kama mdai, linanijua kwa jina.

Nimelala chali. Juu ni misonobari tupu.
Gurudumu bado linazunguka, tiki, tiki, tiki.
Mzee anapita na mjukuu kwenye kiti cha mbele,
anauliza kama niko mzima,
na mtoto, kabla sijajibu,
ananionyesha kiwiko chake kilichochubuka
kwa fahari, kama mwanachama mwenzangu.

Kwenye kona ya mwisho miti inaachana
na ziwa linatokea lote kwa mpigo.
Tuliambiwa milima haikutani.
Waliosema hawakufika hapa siku isiyo na upepo:
wa ng'ambo na wa huku
imeinamia majini, kichwa kwa kichwa,
kama mawifi wanaoteta.
Nashusha mguu. Natoa chupa ya chai ya tangawizi.
Inawasha, anasema Isobel,
kisha ananyoosha kikombe tena.

Na Mwanakheri wangu
(wenzake wa shule humwita Keri)
yuko juu kabisa, kwenye nyeusi,
ambako njia ni ngazi iliyovunjika
na mizizi inateleza kama kambare.
Mwaka jana alirudi mkono umefungwa plasta ngumu.
Baiskeli yake niliificha nyuma ya mashine ya kufulia,
nikamwambia, aliye juu mngoje chini,
kwa ile sauti ya mama anayetisha
kwa sababu ametishika.
Aliitafuta siku mbili. Ya tatu nikaitoa mwenyewe.

Kilomita tano na nusu.
Kijani inaishia kwenye uwanja wa changarawe,
na nyeusi pia inaishia hapo hapo.
Hakuna aliyeniambia.
Nasimama na baiskeli ya kukodi, matope hadi kwenye ushungi,
nasikiliza juu: kunguru,
kimya,
tairi likikwaruza mwamba,
halafu ukelele ninaoujua tangu wodi ya uzazi,
wa furaha au wa hofu, sijui,
haujawahi kutenganika.

Aliye juu, nakungoja.
Niko hapa chini.
Chai nimekubakizia.