Wali Unapoa

Vitoroli ni vilevile vitano,
vya shamba la mkonge lililokufa kule Muheza.
Baba alivinunua kwa bei ya chuma chakavu,
akavipaka weusi, akavichora meno.
Reli yake nyembamba ilizunguka banda la mabati, Makorora,
kona saba gizani, dakika tatu na nusu,
na watoto walitokea upande wa pili
wamewakumbatia watu wasiowajua.

Mimi nilikuwa kona ya tatu.
Kazi yangu kamba.
Nikisikia gurudumu linagonga maungio ya reli, ka-ta,
nahesabu mbili, navuta,
zimwi linashuka na singa zake za katani
nilizozichovya kwenye ndoo kila jioni
ili zikupitie shavuni zikiwa mbichi.
Miaka kumi na mmoja. Kovu la kamba hili hapa,
ukitaka kuliona.

Sasa amekuja Hoza na masanduku.
Projekta mbili, mashine ya ukungu,
vijicho vya umeme vinavyolinusa gurudumu
kabla sikio langu halijaamka.
Nilikwenda nimenuna. Lakini nasema kweli:
alipouwasha ukuta wa kona ya tano
maji yalipanda, meusi, hadi magotini,
nikanyanyua gauni.
Hoza hakucheka. Kwa hilo nilimpenda.

Zimwi tulilishusha tukalipasua.
Tumboni mifuko ya saruji, magazeti,
na kiatu kimoja cha shule. Changu.
Nilichapwa kwa kukipoteza, darasa la nne,
na aliyenichapa ndiye aliyekishindilia humo.

Halafu kanda.
Kicheko cha zimwi, baba alikirekodi nyumbani
kwa redio kaseti, usiku, dirisha wazi.
Hoza alishinda siku nzima akikisafisha kwenye kompyuta.
Akanivisha hedifoni.
Kicheko kikatoka kama sahani iliyooshwa.
Hakuna mvumo. Hakuna mbwa wa jirani.
Hakuna kikohozi pale pumzi ilipomwishia.
“Na yule mwanamke?”
“Mwanamke yupi?”
“Sekunde ya arobaini.”
Akaitazama mistari yake kwenye kioo.
“Aa. Hiyo ilikuwa kelele. Nimeitoa.”

Kelele hiyo, Hoza, ni mama yangu
akiita kutoka jikoni, amechoshwa na upuuzi:
Njoo ule. Wali unapoa.
Miaka yote ile watu walistahimili
zimwi, jeneza, popo wa mpira wa baiskeli,
lakini sauti ile, tulivu, inayokujua,
ikikuita gizani ukale kwa nani hujui,
hapo ndipo suruali zilipolowa.
Bwana Mhando wa benki aliruka kitoroli kikiwa mwendoni,
akaapa hali wali mpaka Idi.
Mama alipoambiwa, aliuliza tu
kama alikuwa amelipa kiingilio.

Hoza akanyamaza. Akabonyeza, akabonyeza,
vitu vikarudi kimoja kimoja:
mvumo,
mbwa,
honi ya garimoshi kwa mbali,
kikohozi.
Mkono wake ukabaki hewani.
Akaniuliza kwa macho.

Nikavua hedifoni.
Sio hapa, mchana, taa zinawaka,
chai mezani. Iweke mahali pake.

Jumamosi tulifungua.
Nilikata tiketi kama mteja, elfu mbili,
nikakaa na mtoto aliyekuja peke yake.
Ukungu ukamfurahisha.
Zimwi la mwanga alilipitisha mkono katikati
akanitazama kama aliyemkamata mwongo.
Kona ya tatu, katani; niliidai,
na anayeichovya siku hizi ni Hoza mwenyewe.
Hapo mtoto aliguta kidogo, akajifanya amekohoa.
Kona ya tano, maji.
Nikanyanyua gauni tena, na ninayajua ni mwanga.

Kisha ka-ta,
na kona ya sita haina kitu, giza tu,
na spika nyuma ya ubao.
Kicheko kikaanza. Nikahesabu, nilivyozoea:
thelathini na saba, thelathini na nane.
Kiganja kidogo, chenye jasho, kikautafuta wangu
kikaushika pale penye kovu,
nami, mtu mzima, nikakishika kwa nguvu zaidi,
tukangoja kuitwa.