Bei ya Mgeni

Niliandika orodha nyuma ya karatasi ya mtihani,
mimi niliyezaliwa Wete, ninayesomesha Wete,
na katika niliyoyaandika sijapata kuona hata moja:
Pujini. Ngezi. Popo wa Kidike. Vumawimbi.
Nikaazima gari ya shemeji,
mlango wake mmoja hufungwa kwa kamba ya makumbi.

Raya karudi baada ya miaka kumi na tisa
na wenzake wawili wa kazini, Denise na Bronwyn,
na binti yake Muzne, miaka saba, mzaliwa wa Brisbane,
anayemwamkia kila anayekutana naye,
hata mbuzi: shikamoo.

Pujini niliwahi kibao kabla yao,
nikakisoma upesi upesi nisije nikaulizwa nikakosa jibu.
Kisima kina ukuta katikati, nikawaeleza,
mwenyewe alikuwa na wake wawili, ndivyo wasemavyo,
huyu akiteka huku, yule akiteka kule,
maji mamoja, wasionane.
Raya akainama kuchungulia. Pakavu.
"Kama mie na wewe na simu zetu," kasema.
Tukacheka, kisha tukanyamaza
muda mrefu kuliko kicheko.

Siku ya pili ilikuwa ya doriani.
Denise alisema inanuka bomba la gesi lililopasuka.
Bronwyn alikula, akarudia, akalamba vidole,
akafunga kokwa mbili kwenye kitambaa.
Vioo vya gari havishuki. Tulikwenda hivyo hivyo mpaka Konde.
Ngezi tuliiona kwa mvua,
yaani hatukuiona.

Wakati wa kurudi Raya akataka tusimame skuli.
Haikuwamo kwenye orodha.
Darasa la tano, madawati mapya, ubao ule ule.
Akauweka ukutani mgongo wa mkono
kama mama anayepima homa.
Wenzake wakabaki garini na ramani yao.
Mimi nilishughulika na funguo.

Kidike, kijana na kitabu chake cha risiti:
"Bei ya mgeni mbali, bei ya mwenyeji mbali.
Na huyu?" Kalamu ikamwelekea Raya,
miwani yake ya jua, viatu vyake vya kupandia milima.
Raya akavua miwani.
"Mie ntoto wa Shaali wa Mtambwe. We ntoto wa nani?"
Kijana akacheka, akaona haya, akaandika: mwenyeji.
Raya akalipa bei ya mgeni
na hakungoja chenji.
"Na mtoto?"
"Mtoto nusu."

Popo walining'inia juu yetu
kama mabuibui yaliyoanikwa na nyumba nzima.
Nikavuta pumzi, tayari kujivuna:
hawa hawapo popote duniani ila kwetu.
Muzne akasema neno, Raya akalifasiri:
"Anasema kwetu pia wapo,
kila magharibi wanapita juu ya paa."

Kwetu.
Nililipokea kama chenji ya kiza, bila kuhesabu.
Nilitaka kubisha, kwamba wale ni wengine,
hawa ni wa Pemba tu, kibao kimeandika.
Sikubisha.
Nilikuwa bado natafuta ni nani aliyelisema,
mtoto au mama. Fasiri njema
haionyeshi mshono.

Wameondoka Jumatano.
Uwanjani Chake, Muzne alimwamkia hata askari wa mizigo,
akaitikiwa marahaba kwa sauti nzito,
akageuka kunitazama kama aliyefaulu.

Bronwyn ameandika: kokwa za doriani zimekamatwa Brisbane,
haziruhusiwi kuingia, zimetiwa kwenye pipa.
Nimemjibu pole.
Risiti ninayo, nimeibana katika daftari la mahudhurio,
wageni wawili, wenyeji wawili, mtoto nusu,
na kila asubuhi nikiita majina huangukia miguuni mwangu.

Vumawimbi hatukufika.
Shemeji aliitaka gari yake.