Hasi Mara Hasi

Wametuweka chumba cha nyuma, kando ya karakana ya kuchomelea,
sisi ishirini na wawili tuliopata D na chini ya D,
na karatasi mlangoni, imebandikwa kwa gundi ya unga:
HISABATI YA DARAJA.
Daraja gani, akauliza Imbuga, la kuvuka mto au la kupanga watu?
Hakuna aliyemjibu. Tulikuwa tunatafuta viti.

Mimi ndiye mkongwe. Miaka thelathini na minane.
Nataka kusomea maabara, kupima damu na makohozi,
na maabara haimtaki mtu asiyejua kugawanya sehemu kwa sehemu.
Mwalimu wetu, Vugutsa, ni rika la kitinda mimba wetu;
shati lake lina alama ya pasi ya makaa,
naye hutuita "wenzangu", labda kwa kuogopa kutuita wanafunzi.

Juma la kwanza: asili chini, kiasi juu.
Nilipata tatu kwa kumi. Nikaikunja karatasi
mpaka ikatosha ndani ya kifuniko cha simu.
Juma la pili: mabano kwanza, mengine yafuate
kama watu wanaojua foleni.
Hapo nilipata saba. Sikumwambia mtu,
ila nilinunua mandazi mawili badala ya moja.

Saa kumi mvua ya Kakamega huingia bila hodi.
Mabati yakishaanza, sauti ya Vugutsa huzama,
mdomo unaenda peke yake,
basi huacha kusema, akaandika.
Chaki haina haja ya kupaza sauti.
Siku hiyo aliandika:

−3 × −200 = 600

akapigia mstari, akatugeukia.

Mvua ilipopungua niliinua mkono.
Mwalimu, nikasema, mimi nadaiwa. Hasi naijua kukushinda.
Deni juu ya deni ni deni refu.
Mtu akiniambia limezaa mali, nashika mkoba wangu.
Darasa likacheka, Imbuga akapiga dawati.
Vugutsa akautazama ubao kana kwamba umeandikwa na mtu mwingine.
"Nilifundishwa hivyo, nikakubali," akasema. "Nipe hadi kesho."
Sijawahi kumsikia mwalimu akiomba kesho.
Yule wetu wa Shinyalu alikuwa na jibu moja la maswali yote,
akiliweka juu ya kabati, limekatwa mperani.

Kesho yake akaja na macho mekundu.
"Mia mbili unazodaiwa ni hasi mia mbili. Hapo tumepatana?
Sasa mwenye duka achane ukurasa huo. Ameondoa deni.
Achane kurasa tatu za namna hiyo.
Umemzidi yule wewe wa jana kwa kiasi gani?"

Wengine wakaandika mia sita. Kalamu yangu ilisimama.
Kwa sababu mwaka ule wa matanga,
mume wangu hajamaliza siku tatu ardhini,
Khasandi wa duka la Lurambi alikuja na daftari la madeni chini ya leso.
Nikajua amekuja kudai. Nilishaanza kutafuta maneno.
Akaketi. Akalamba kidole. Akachana: sukari.
Akachana: mafuta ya taa.
Akachana ule ukurasa wa pesa za dawa, ambazo hazikusaidia.
Akazisokomeza mekoni, chini ya sufuria ya chai,
tukainywa.

Sikujua lina alama yake, jambo lile.
Miaka sita nimeliita huruma,
na ilikuwa huruma, sisemi haikuwa,
lakini pia lilikuwa hili hapa, kwa chaki ya kijani,
hasi, mara, hasi.

Jumamosi nilimkuta Khasandi akipima maharagwe.
Nikamwambia: kile ulichonifanyia kina jibu.
"Kwani kilikuwa na swali?" akasema,
akanipimia kilo, akaongeza konzi juu yake.

Mtihani ni Jumatano.
Bado nasahau kuipindua ile sehemu ya pili.